Tuacheni tuwapende, lakini tukabidhi zamu

Mmeuliza wiki hii: je, anayefanya kazi nzito ya kuhudumia watu ajizuie kuwapenda ili awajibike vizuri? Mimi ni muuguzi wa wagonjwa mahututi, na jibu langu ni hapana.

Huo ubaridi wa kujizuia kupenda ni dalili ya ugonjwa, si dawa. Mwanasaikolojia Christina Maslach, aliyechapisha kipimo chake cha uchovu wa kikazi mwaka 1981, alitaja mambo matatu: hisia kuisha nguvu, kuwaona watu kama vitu, na kuona hufanikishi lolote kazini. La pili wodini tunalijua sana. Mgonjwa hana tena jina, ni “kitanda cha nne”.

Mapenzi yana kazi yake. Anayemjua mgonjwa wake hugundua kwamba leo amedhoofika kuliko jana, pengine hata kabla mashine haijalia. Wajibu unaanzia hapo: kuandika ulichokiona, kumwita daktari, kumwambia anayepokea zamu. Ukikihifadhi moyoni tu, mgonjwa hakimfai kitu.

Tunapoharibu ni pale muuguzi anapoamini hakuna mwingine amwezaye mgonjwa huyu. Anabaki baada ya zamu, anaahirisha likizo, na sote tunamsifu (wakubwa zaidi, hasa nafasi za watumishi zikiwa wazi). Mimi simsifu. Aliyechoka hivyo anaweza kukosea dozi, na upendo hausomi lebo ya chupa. Ndiyo maana dawa za hatari huhakikiwa na watu wawili. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ya mwaka 2008, inataka kila aliyemo chumbani ajitambulishe kwa jina na kazi yake kabla ya mgonjwa kupasuliwa, ili hata mdogo wao awe na ujasiri wa kusema “ngojeni”. Haimwulizi mtu kama anampenda mgonjwa.

Ninachodai kwa waajiri ni kidogo. Akifa mgonjwa tuliyemzoea, tupewe muda tukae, tuzungumze, kabla ya kupokea mwingine. Si jambo geni: Michael na Enid Balint, mume na mke wataalamu wa uchambuzi wa nafsi, walikuwa wakiwakutanisha madaktari London tangu miaka ya 1950 kuzungumzia wagonjwa waliowaelemea. Sisi bado dakika hizo tunajiibia chooni.