Tumepika vizuri, bakteria wametoka wapi?

SWALI: Habari mhariri, sisi tunatengeneza soseji na nyama ya slaisi, tunapika mpaka ndani inafika nyuzi 75 lakini maabara wamekuta bakteria anayeitwa listeria kwenye pakiti. Tuongeze moto?

JIBU: Hapana ndugu yangu, moto wenu unatosha kabisa, listeria hafiki hapo akiwa hai. Anaingia baadaye, kati ya jiko na pakiti, na mimi ningeanza na mashine ya kukatia slaisi, ifungueni yote maana mabaki yanajificha nyuma ya kisu, msugue kwa sabuni kwanza ndo mpake dawa ya kuua bakteria, dawa juu ya mafuta haiui kitu. Halafu ile tabia ya kupiga maji ya presha kwenye mifereji ya sakafuni wakati chakula kiko wazi, acheni jamani, matone yanaruka mpaka mezani! Aliyeshika nyama mbichi asivuke upande wa iliyopikwa na buti zilezile.

Friji msiitegemee, huyu anazaliana hata kwenye nyuzi 4, taratibu tu. Na mzigo huo usitoke, nawaomba sana, mjamzito akiula anaweza kupoteza mimba.