Herufi Saba za Kipunji: Ushauri kwa Wapenzi wa Chemshabongo ya Maarifa ya Jumla

Jumamosi mbili zilizopita, katika bonanza la wafanyakazi wa ofisi yetu, idara ya uhasibu ilikosa mbuzi wa zawadi kwa sababu yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nahodha wa kikundi chetu katika shindano la chemshabongo, mimi ndiye niliyeshika makapeni, na kosa lililotuangusha niliandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa herufi kubwa, mbele ya watu wasiopungua sitini. Nimeona ni wajibu wangu kulieleza jambo hili bila kuficha, kwa kuwa najua wengi wenu mnaosoma hapa mna hamu ileile niliyo nayo, ya kulimaliza fumbo zima bila kuacha hata kisanduku kimoja kitupu.

Kwanza mjue nilikotoka. Nimezaliwa Rungwe, katika kijiji kilicho chini ya mlima wenyewe, na marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Gazeti lilimfikia likiwa limechelewa siku moja au mbili, naye hakulitupa kabla ya kuikata chemshabongo kwa wembe na kuibandika kwenye kipande cha boksi ili tuijaze baada ya chakula cha usiku. Alitumia penseli tu, na kila alipoandika neno aliligusa kidogo kwa ncha, kama mtu anayepima kina cha maji kabla ya kuvuka. Nilipofika darasa la sita nilianza kumshinda katika vidokezo vya michezo, na usiku nilipomtajia Filbert Bayi na rekodi yake ya dunia ya mita 1500 aliyoiweka Christchurch mwaka 1974, baba aliweka penseli chini na kunitazama kwa muda mrefu. Sijasahau mtazamo ule.

Nilipokuja Dar es Salaam kufanya kazi, nilinunua kaunta buku na kuanza kuorodhesha. Humo mna miji mikuu ya dunia, mito na nchi inakopita, washindi wa Nobeli ya Fasihi, milima na urefu wake, mabingwa wa Olimpiki. Najua kwamba Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na kwamba duniani linazidiwa na Baikal peke yake. Najua kwamba Simba iliitwa Sunderland hadi mwaka 1971. Najua kwamba Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, na kwamba Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Nobeli mwaka 2021. Kwa miaka mingi, ofisini kwetu, mtu akikwama katika fumbo la gazeti huja kwenye meza yangu, nami sikumbuki hata mara moja niliyomrudisha mtu mikono mitupu. Nayasema haya ili mwelewe ni kwa nini, siku ya bonanza, hakuna aliyeuliza nani awe nahodha.

Fumbo lilichorwa kwenye karatasi mbili kubwa zilizobandikwa ukutani, moja kwa kila idara iliyofika fainali, nasi tulipewa vidokezo 32 vya sanaa, maumbile, jiografia na michezo, pamoja na dakika 20. Tulianza vizuri sana. Ala ya nyuzi ya taarab, herufi tatu, ni udi. Kilele kirefu kuliko vyote Afrika, herufi nne, ni Kibo. Ndege wa waridi wanaozaliana Ziwa Natron, herufi tano, ni heroe. Watu walikuwa wanapiga makofi kila nilipoandika, na makofi, ndugu zangu, ni kitu cha hatari kwa mtu aliyeshika kalamu ya wino.

Tulipofika mlalo namba 17, kidokezo kilisema hivi: "Kima wa Rungwe na Udzungwa, aliyetambulishwa kwa ulimwengu wa sayansi mwaka 2005 (7)." Nililiona neno "kima", nikahesabu visanduku saba, nikaona kisanduku cha mwisho kina I iliyotokana na udi, nikaandika TUMBILI. Haikuchukua sekunde tano. Maneno yaliyobaki ya kidokezo kile, yaani Rungwe, Udzungwa na ule mwaka 2005, macho yangu yaliyapita kama gari lipitavyo kituo kisichokuwa na abiria.

Kuanzia hapo fumbo likaanza kutukataa. Kidokezo kimoja cha wima kiliuliza mti ambao wachongaji wa Kimakonde huuthamini kwa vinyago na ambao pia hutengenezewa klarineti, herufi sita. Kijana mmoja wa kikundi chetu, mhudumu wa ofisi ambaye tulimwongeza dakika za mwisho ili kutimiza idadi, alisema kwa sauti ya chini, "Dada, huo si mpingo?" Nikamjibu kwamba haiwezekani, kwa sababu herufi ya pili ni M na mpingo una P. Alisema tena, "Lakini dada, ni mpingo." Nikamwambia atafute mti mwingine. Hakusema neno tena hadi kengele ilipolia, na kimya kile ndicho kinachoniuma kuliko yule mbuzi.

Wima mwingine uliuliza Mwethiopia aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akikimbia pekupeku. Kila mtu anajua ni Bikila. Lakini herufi ya tatu ilikuwa T ya tumbili yangu, basi nikasimama pale nikimtilia shaka Abebe Bikila badala ya kujitilia shaka mimi. Wa tatu ulitaka mkoa alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, na Tanga haikuingia kwa kuwa pale katikati palikuwa na I. Neno moja liliua matatu. Tulimaliza tukiwa na majibu sahihi 28, wenzetu wa idara ya usafirishaji 29, na mbuzi akafungwa kamba na kupelekwa upande wa pili wa uwanja.

Jibu lilikuwa KIPUNJI.

Jioni ile nilimpigia mama simu. Nilimsomea kidokezo jinsi kilivyokuwa, na kabla sijafika kwenye mwaka akanikatiza: "Huyo si kipunji, mwanangu? Yule mwenye kishungi kichwani. Ukiwa mdogo mjomba wako alikuwa anamsema kila siku." Mama yangu hana kaunta buku. Analima viazi na kuchuma chai.

Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichoweza kuhusu mnyama huyu, na kadiri ninavyosoma ndivyo jambo linavyozidi kunigusa. Ni kima mwenye manyoya marefu ya kahawia na kijivu yanayomkinga na baridi ya misitu ya milimani, na ana kishungi kilichosimama utosini. Watafiti walimfikia baada ya kusikia simulizi za Wanyakyusa kuhusu kima mwenye haya anayekaa juu ya miti. Mwaka 2005 walimtangaza kuwa spishi mpya, na mwaka 2006, baada ya kuchunguza mmoja aliyekutwa amekufa katika mtego wa mkulima huko Rungwe, walimpa jenasi yake peke yake, yaani kundi la kisayansi lililo juu ya spishi, wakaiita Rungwecebus. Ilikuwa jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu mwaka 1923. Dunia nzima iliandika jina la mlima wetu, na mimi niliyezaliwa chini yake niliandika tumbili, mnyama anayeiba ndizi kila mahali.

Sasa niwape ushauri, kwa kuwa nimeulipia.

Soma kidokezo hadi mabano ya mwisho. Mtunzi wa fumbo haweki neno bure. Akitaja mahali, ameweka mahali kwa sababu. Akitaja mwaka, mwaka ndio ufunguo. Tumbili hakutambulishwa kwa mtu yeyote mwaka 2005, na ningesoma hadi mwisho ningelijua hilo hata bila kumjua kipunji. Baada ya kusoma, soma tena.

Sikiliza sarufi ya kidokezo kabla hujaanza kutafuta jibu kichwani. Hii ni neema ambayo lugha yetu imetupa na wengi hawaitumii. Ukiulizwa "Wachongaji hawa mashuhuri wa kusini mwa Tanzania (9)", ngeli peke yake imekwisha kukupa W na A kabla hujafikiri, kwa hiyo ni Wamakonde. Angeulizwa mchongaji mmoja, visanduku vingekuwa vinane. Maneno yetu ya asili huishia kwa irabu, basi kisanduku cha mwisho kikileta konsonanti, ujue unatafuta jina la kigeni, kama vile Gurnah au Baikal. Herufi C haitembei bila H nyuma yake. Q na X hazimo kabisa katika maneno yetu. Na jibu likionekana kujirudia nusu kwa nusu, usishtuke: mchoraji kutoka Tunduru aliyetumia rangi za kung'aa juu ya mbao laini na kufariki mwaka 1972 ni Edward Saidi Tingatinga, herufi kumi za jina lake la mwisho, tano zikirudiwa mara mbili.

Usiiamini orodha yako kama msahafu. Katika kaunta buku langu mji mkuu wa Burundi bado ulikuwa Bujumbura, ilhali tangu mwaka 2019 mji mkuu wa kisiasa ni Gitega, na Swaziland ilikuwa haijabadilishwa kuwa Eswatini ingawa jina lilibadilika mwaka 2018. Visanduku sita haviwezi kubeba Bujumbura hata ukivibembeleza. Visanduku havina upendeleo, hesabu yake ni ya haki kuliko kumbukumbu zetu.

Tena, tumia penseli. Ukilazimishwa kutumia wino, usiandike neno refu mpaka angalau neno moja linalolikata likubaliane nalo. Nilikuwa na mpingo mkononi, umeletwa na kijana wa watu kwa adabu kabisa, na P yake ingeniokoa. Jibu likigombana na jirani yake, anza kushuku lile uliloliandika kwa haraka, hata kama ni lako, na hasa kama ni lako. Soma kidokezo hadi mwisho, narudia.

Lipo jambo ambalo wengi tunalikwepa. Tumejifunza kuyaheshimu maarifa yaliyokuja kwa meli na kuyadharau yaliyokaa jikoni. Mchezo huu wa visanduku wenyewe ni wa juzi: aliyeubuni ni Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, na fumbo lake la kwanza, lenye umbo la almasi, lilitoka katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Lakini kutega na kutegua tulikuwa nako kabla ya gazeti lolote kufika pwani, na bibi zetu walituuliza vitendawili vya ndege, miti na nyota wakitutarajia tuvijue vitu vyenyewe kwa macho. Mcheza kwao hutunzwa, nami nilichezea kwetu nikatoka mikono mitupu, kwa sababu nilikuwa nimekariri urefu wa milima ya Peru na kusahau anayeishi juu ya mlima wa nyumbani. Mzazi mwenye mtoto anayependa maarifa ya jumla asimnunulie ensaiklopidia kabla ya kumpeleka kwa babu yake. Mwalimu anayetunga chemshabongo ya darasa aweke angalau nusu ya vidokezo kutoka wilaya ile ile. Tusipofanya hivyo, tutalea watoto wanaojua mji mkuu wa Kazakhstan na wasioweza kutaja miti mitatu iliyo nyuma ya shule yao.

Jumatatu baada ya bonanza nilimwita yule kijana mezani kwangu, nikamwomba radhi mbele ya wenzetu walewale. Alijibu, "Yameisha, dada," kisha akaniambia kwamba baba yake ni mchonga vinyago na kwamba yeye amelala juu ya maranda ya mpingo tangu utotoni. Nilikuwa nimefanya naye kazi miaka mitatu bila kulijua hilo. Siku hizi saa ya chakula tunajaza pamoja, yeye akishika penseli.

Kaunta buku langu limepata ukurasa mpya. Mjomba ananitumia ujumbe wa sauti kutoka kijijini, kila Jumapili baada ya ibada, akinitajia majina ya wanyama na ndege wa msitu kwa Kinyakyusa na kunieleza sauti ya kila mmoja. Hadi sasa nina majina tisa. Matano nimeyapatia Kiswahili chake. Manne bado, na moja kati ya hayo manne lina herufi nane na linaishia kwa E.