Ushauri kwa anayeanza kuchunguza maisha ya Nikola Zrinski

Karibu kila anayeanza kumsoma Nikola Zrinski, kabaila wa Kroatia aliyeilinda ngome ya Szigetvár, Hungaria, ilipozingirwa na Waosmani (Waturuki), hukimbilia Septemba 1566: lango la ngome, upanga mkononi, kutoka nje kuwakabili adui, kifo. Anzia 1541. Mwaka huo Waosmani waliitwaa Buda, mpaka ukasogea hadi kwenye mashamba ya makabaila wa Hungaria na Kroatia. Mwaka uliofuata Zrinski akateuliwa kuwa ban, yaani mwakilishi wa mfalme nchini Kroatia, cheo alichokishika hadi 1556.

Kabla ya yote, tenga majina. Wahungaria hutanguliza jina la ukoo, hivyo Zrínyi Miklós ndiye huyuhuyu. Hatari zaidi ni kitukuu chake mwenye jina lilelile, mshairi aliyechapisha utenzi kuhusu mazingiwa ya Szigetvár mwaka 1651. Wanafunzi hunukuu beti zake kana kwamba mtunzi alikuwa ngomeni, ilhali zilichapishwa miaka themanini na mitano baadaye. Miji nayo ina majina mawili, kwa mfano Čakovec na Csáktornya. Andika yote daftarini, la sivyo utahesabu ngome moja mara mbili.

Kisha fuata fedha. Mshahara wa askari wa mpakani ulichelewa mara kwa mara, na kamanda asiye na mali yake alibaki na kikosi kinachotoroka. Ndiyo maana mwaka 1546 ni muhimu kuliko vita vyake vingi: alipewa eneo la Međimurje, kati ya mito Drava na Mura, nyuma kidogo ya mstari wa hatari. Nafaka, mvinyo na ng'ombe wa huko vilibeba gharama ambazo hazina ya mfalme haikulipa kwa wakati. Anayeruka hesabu za mashamba humaliza na shujaa asiyekula.

Kwa Szigetvár yenyewe, chora ramani kabla ya kuandika sentensi hata moja. Ilikuwa na sehemu tatu, mji mpya, mji wa zamani na kasri, zikiwa zimezungukwa na maji na vinamasi vya kijito cha Almás. Maji yalikuwa ulinzi mkubwa kuliko kuta. Mwaka 1556 ngome hiyo ilizingirwa ikaokoka. Mwaka 1566 Waosmani walipunguza maji, watetezi wakauchoma na kuuacha mji mpya, mji wa zamani ukaanguka 19 Agosti, wakabaki kasrini. Mapema Septemba moto ulikula maboma ya nje na kuwasukuma kwenye ngome ya ndani. Ukishaona hayo, ule utokaji wa mwisho hauonekani tena kama wazimu wa kishujaa: pa kubaki palikuwa pamekwisha.

Tarehe huwachanganya wengi. Sultani Suleiman alifariki hemani usiku wa kuamkia 7 Septemba, na waziri mkuu Sokollu Mehmed Pasha akaificha habari hiyo jeshini. Vyanzo vya Kiosmani huhesabu kwa Hijria, Safar 974, Mfunguo Tano kwetu, na siku yao huanza magharibi. Msomaji wa Pwani hahitaji kufundishwa hilo, ila akishika jedwali la kubadilisha tarehe husahau, akakosea kwa siku moja.

Idadi ya watetezi, kama 2,300 hivi, inaaminika kiasi. Ile ya jeshi la sultani ipokee kwa mashaka, maana waandishi wa kale waliwajumlisha waendesha mikokoteni na wapishi. Na usiandike haraka kwamba mfalme wake, Maximilian II, alimsaliti kwa kutokuja kumwokoa. Jeshi la mfalme huyo karibu na mji wa Győr lilikuwa likilinda njia ya Vienna.

Usifiche pia mwaka 1539. Johann Katzianer, jenerali aliyeanguka baada ya kushindwa na Waosmani katika vita vya 1537, aliuawa Kostajnica, katika ngome ya Zrinski, akiwa mgeni wake. Alishukiwa kutaka kujiunga na Waosmani. Waandishi wa sifa huliruka tukio hilo. Wewe liweke mahali pake, miaka mitatu kabla ya cheo cha ban.