Kabla ya kuchomoa waya, muulize shujaa wake ni mtoto wa nani

Mtoto wa kaka yangu ana miaka 14. Nakaa naye hapa Ndosho, Goma, tangu baba yake aende machimboni upande wa Walikale, na kwa miezi mingi baba huyo hakupiga simu. Mtoto aliacha kumtaja. Kila umeme uliporudi alikuwa mbele ya televisheni, akipigana na mazimwi kwenye gemu ya video, kwa jina la Kratos. Siku moja nilichomoa waya ukutani. Siku tatu hakuniambia zaidi ya "jambo, shangazi".

Nilikosea. Wewe mwenye mtoto wa namna hiyo, usianze na waya. Anza na swali ambalo wazee wetu humuuliza kijana mgeni akiingia uani: uko mtoto wa nani?

Jioni ya nne tulikuwa tukichambua sambaza, wale samaki wadogo. "Papa," nikamwita kwa upendo, "huyu Kratos wako ni mtoto wa nani?"

"Wa Zeus, shangazi. Lakini atamuua."

Nikamwacha aseme mpaka sambaza zikaisha. Gemu ya God of War ilianza mwaka 2005. Katika ile ya 2010 Kratos anamuua baba yake, mfalme wa miungu ya Wagiriki. Katika ya 2018 ni yeye sasa aliye baba: yuko nchi za baridi za kaskazini na mwanawe Atreus, na hajui aongee naye vipi. Alipofika hapo sauti ya mtoto ilishuka, nami nikasikia.

Halafu soma kidogo, maana mtoto humheshimu anayejua. Kwa Wagiriki wa kale Kratos alikuwa mwana wa Styx, mtumishi wa Zeus, aliyesimamia kufungwa minyororo kwa Prometheus. Hakumuua bwana wake. Lakini vita vya mtoto na baba vimo kweli katika hadithi zao: Kronos alimpindua Uranos, Zeus akampindua Kronos. Waliotengeneza gemu waliukuta ugomvi huo, wakampa mtu mwingine. Nilipomwambia hayo, kijana alizima televisheni mwenyewe ili anisikilize.

Ndipo nikamtolea shujaa wetu, Mwindo. Sisi ni Wanyanga, kabila la huku mashariki mwa Kongo. Mwaka 1956 mzee Candi Rureke alisimulia utenzi huu kwa siku kumi na mbili ukaandikwa, lakini mimi niliusikia kwa baba. Chifu Shemwindo alikataa mtoto wa kiume. Mwindo alipozaliwa akitembea na kusema, baba alimrushia mkuki, ukakosa. Akamzika, mtoto akatoka. Baba akamfungia ndani ya ngoma, akamtupa mtoni, na ngoma ikapanda maji kwenda kwa shangazi yake, Iyangura. Wajomba zake wakamvika chuma mwili mzima. "Kama kuvaa silaha kabla ya bosi, yule adui mkuu wa gemu!" kijana akaruka. Ndiyo, kama hivyo. Baba akakimbilia nchi ya chini, Mwindo akamfuata. Kabla ya kushuka alimwachia shangazi mwisho wa kamba: ikitulia, ujue nimekufa.

Mtoto aliuliza kama nchi ya chini iko chini ya Nyiragongo. Usiku ule mlima ulikuwa mwekundu. Nilimwambia wazee waliweka makao ya mizimu kwenye volkeno.

Kufanana ni kutamu, ila usiishie hapo. Tafuta mahali wanapoachana. Mwindo hakumuua baba yake. Alimtoa chini, akamrudisha nyumbani, baba akakiri kosa mbele ya watu. Baadaye Mwindo aliua joka Kirimu, kazi ambayo gemu yoyote ingeilipa kwa pointi. Lakini Nkuba, Radi, alikuwa rafiki wa joka. Alimpandisha Mwindo angani, akapigwa na mvua, mawe ya mvua na jua kali mwaka mzima, akarudi na amri ya kutoua mnyama, hata tandu. Kijana alinyamaza sana. Katika gemu zake hakuna aliyewahi kumuuliza joka lilikuwa rafiki ya nani.

Mama mmoja wa kanisani alinionya nisichanganye mambo, kwa sababu nilitaja pia Musa na kisafina chake mtoni. Namheshimu, lakini kulinganisha si kusawazisha. Musa tunamsoma ibadani, Kratos hapana, na mtoto wa miaka 14 anaijua tofauti hiyo ukimweleza.

Ukiweza, mtafutie gemu ya Tales of Kenzera: Zau, ya 2024. Aliyeiongoza, Abubakar Salim, ana asili ya Kenya na aliitengeneza akimlilia baba yake. Zau anapatana na Kalunga, mungu wa kifo, ili arudishiwe baba. Majina na vinyago vyake vinatoka kwetu Wabantu.

Na usimwambie mtoto moja kwa moja, "Unaona, wewe pia msamehe baba yako." Mimi ulimi uliniwasha, nikaumeza. Mwache Mwindo aongee.

Juzi aliniomba simu, akaandika ujumbe mrefu, akautuma kwenye namba ya baba yake. Sikuusoma. Aliponirudishia aliniuliza kama Iyangura alichoka mikono kwa kushika kamba. Nikamwambia alichoka, ila hakuiachia.