Prosesa inagonga nyuzi 98? Anza na hitisinki, pesti ije baadaye

Mkuu, nimekuelewa. Mashine ni ya mezani, prosesa ni Core i5-4590, hitisinki (kile kipozea joto kilichokaa juu ya prosesa) ni ile ya duara ya Intel, uko Dar, ukifungua gemu joto linapanda mpaka nyuzi 98 na gemu inaanza kukwama. Dukani wamekwambia dawa ni pesti ya bei mbaya, ile krimu inayopakwa kati ya prosesa na hitisinki. Pesti utabadilisha, sikatai, ila usitegemee ikuvushe peke yake.

Kukwama huko ni prosesa inajilinda. Familia hiyo ya i5 ikikaribia nyuzi 100 inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Kwa hiyo kuna joto ambalo haliondoki, na swali ni limekwamia wapi.

Fungua kesi kwanza, yaani boksi la mashine. Mimi ni fundi, na mashine nyingi zinazoletwa kwa malalamiko kama yako, ukitoa feni iliyo juu ya hitisinki unakuta vumbi limejifuma kwenye mapezi ya alumini mpaka limekuwa mkeka wa kijivu. Unalibandua kwa ukucha, linatoka kipande kizima. Feni inapiga kelele weee, hewa haipiti. Katika hali hiyo hata ukipaka dhahabu hupati kitu. Tumia brashi laini na blowa, na ukipuliza ishike feni kwa kidole isizunguke, kasi ya blowa inaumiza beringi.

Halafu angalia zile pini nne za plastiki zinazoshikilia hitisinki, maana kwa hitisinki za Intel za aina yako huo ndio ugonjwa namba moja. Pini moja isipoingia vizuri, kitako kinanyanyuka upande mmoja na prosesa inaguswa nusu tu. Geuza mazabodi (bodi kuu ya mashine) utazame kwa nyuma: kila pini inatakiwa iwe imetokeza, plastiki nyeupe imepanuka na ile nyeusi imeshuka katikati yake. Wakati wa kufunga bonyeza mbili zinazokingamana, kisha mbili zilizobaki, kila moja usikie imelia. Zikishavunjika midomo, usihangaike na gundi wala waya wa kufungia mizigo. Hitisinki hiyo imeshakwisha.

Ukiing'oa hitisinki, usikimbilie kufuta. Isome pesti ya zamani kwanza. Ikiwa imesambaa nyembamba na sawasawa pande zote, mgandamizo ulikuwa mzuri. Ikiwa upande mmoja ni nyembamba na upande wa pili ni nene kama ilivyopakwa siku ya kwanza, umeshampata mchawi wako, na pesti hana kesi. Ikiwa imekauka na inapukutika unga, basi muda wake ulipita zamani.

(Wenye prosesa za AMD za soketi AM4, soketi ni lile tundu inapokaa prosesa, mnaopita hapa: msivute hitisinki ikiwa ya baridi. Washa mashine ipate moto, zima, chomoa umeme, kisha izungushe kidogo kushoto na kulia mpaka iachie. Pesti iliyoganda inaweza kung'oa prosesa kutoka kwenye soketi ikiwa bado imefungwa, na pini za prosesa zikipinda ni kilio.)

Sasa pesti yenyewe. Uso wa prosesa na kitako cha hitisinki vinaonekana bapa, lakini vina mikwaruzo na mabonde madogo yasiyoonekana kwa macho, na humo ndani kuna hewa. Hewa inapitisha joto vibaya sana: ni kama 0.026 kwa kipimo cha wati kwa mita kwa nyuzi, wakati alumini safi iko karibu 237 na shaba karibu 400. Kazi ya pesti ni kuitoa hiyo hewa na kujaza mabonde, basi. Yenyewe ukiilinganisha na shaba ni mbovu, ndiyo maana tabaka likiwa nene unajiumiza. Na zile namba kubwa zilizoandikwa kwenye boksi usizipe uzito, kila kiwanda kinapima kwa namna yake.

Kwa prosesa ya wati 84 kama yako, tofauti kati ya pesti nzuri na pesti ghali ni nyuzi chache tu. Arctic MX-4 au Noctua NT-H1 inatosha kabisa, na zote mbili hazipitishi umeme, ikimwagika pembeni unafuta tu. Ninazozikwepa ni zile sindano nyeupe zisizo na jina zinazouzwa bei ya soda: siku ya kwanza zinafanya kazi, baadaye zinakauka. Dawa ya meno vivyo hivyo, na tafadhali tusibishane kuhusu hilo. Metali ya majimaji, ile yenye galiamu, usiiguse kabisa. Inakula alumini na inapitisha umeme, tone moja likidondokea kwenye mazabodi umekwisha.

Safisha pande zote mbili kwa alkoholi ya aisopropili, asilimia 90 kwenda juu ukiipata. Baadhi ya spiriti za kusafishia ngozi zina mafuta ndani, yanabaki usoni pa prosesa. Weka pesti katikati, kiasi cha punje ya mbaazi, usipake kwa kidole. Mgandamizo utaisambaza wenyewe. Na hitisinki mpya huwa na nailoni kwenye kitako, ibandue! Usicheke, zinaletwa hapa zikiwa nayo bado.

Hela yako mimi ningeipeleka kwenye hitisinki. Hiyo ya duara ni alumini, nyingine zina kipande cha shaba katikati, na ilitengenezwa itoshe tu, isizidi. Chukua ya mnara yenye feni ya milimita 120 na mirija ya shaba. Mirija hiyo ina maji kidogo ndani na hewa imenyonywa: maji yanachemka upande wa prosesa, mvuke unapanda kwenye mapezi, unapoa na kurudi. Deepcool AK400 au Cooler Master Hyper 212 inaitosha i5 na chenji inabaki. Ya minara miwili kwa prosesa hii ni kujionyesha.

Kabla hujalipa, pima. AK400 ina urefu wa milimita 155, kwa hiyo kesi nyembamba za ofisini hazifungi mlango. Hakikisha vyuma vyake vinakubali soketi 1150, ndiyo ya i5 yako, ambayo matundu yake ya kufungia hitisinki yamepishana milimita 75 sawa na 1151 na 1200. Soketi 1700 ni 78, haziingiliani. Kama mashine ni Dell ya mtumba, angalia pia kichwa cha waya wa feni, baadhi ya OptiPlex zina pini tano na mazabodi italalamika kila ukiwasha.

Na kubali hali ya hewa. Hitisinki ya feni haiwezi kushusha prosesa chini ya joto la chumba. Chumba cha Mbagala mwezi wa pili kikiwa na nyuzi 33, namba zako hazitafanana na za mtu wa Njombe mwezi wa saba mwenye pesti ileile. Usiisukume kesi mpaka igote ukutani, na usiifungie ndani ya kabati la meza.

Ukimaliza, washa HWiNFO (programu ya kusoma joto la mashine), cheza gemu nusu saa, tazama namba ya juu kabisa. Ikibaki kwenye 70 au hata 80 na kidogo, cheza kwa amani. Ila mashine ikizima ghafla ikiwa kwenye 60, achana na prosesa, mkague pawa saplai na utazame kama kuna kapasita (vile vikopo vidogo) zilizovimba kwenye mazabodi. Tupia picha ya pesti ya zamani ukishaifungua, nitakwambia ninachoona.