Kabla hujatia fyuzi ya nne

Jana jioni nilimkuta kijana wangu ana sabufa wazi mbele yake, na kando ya mita kuna fyuzi tatu zilizoungua. Ya nne alikuwa anaitia. Nikamuuliza, "Umepima nini?" Akanijibu, "Bado, fundi. Nilitaka nione kama hii itakaa." Nikachomoa waya ukutani, nikamtuma akanywe chai. Nampenda sana yule kijana. Ana mkono mwepesi, akichomea risasi inang'aa kama imetoka kiwandani. Lakini ni wa tatu mwaka huu kumwona akifanya hivyohivyo, na nimechoka kusema jambo moja kila siku kwa mtu mmoja mmoja. Basi wadogo zangu, leo nawaambia wote.

1. Balbu ya siriizi kwanza, mita ya pili, fyuzi mwisho. Ya siriizi ni balbu unayoiunga katikati ya waya mmoja wa umeme, ili umeme upite kwake ndipo ufike kwenye sabufa. Iwe ile ya zamani ya waya, wati 60 au 100, siyo LED. Ukiwasha ikamulika mara moja kisha ikafifia, hizo ni kapasita zimejaza, endelea. Ikiwaka na kubaki inawaka kama ya sebuleni, kuna shoti, zima uanze na daiodi za mbele. Kijana wangu angekuwa na balbu, fyuzi tatu zingebaki kwenye kopo. Na fyuzi yenye herufi T usiibadilishe na yenye F. Ya T inavumilia ule mshtuko wa kuwasha, ya F itakatika bure, kisha utahangaika kutafuta ugonjwa ambao haupo.

2. Fyuzi ya kioo inaona ampea, haioni joto. Hapa naomba mtulie.

Nilikuwa na miaka miwili kwenye benchi, najiona nimeiva. Mama mmoja muuza chakula akaniletea sabufa ndogo ya transfoma, ile ya 12-0-12, yaani volti 12 kila upande wa waya wa kati, yenye IC tatu za kukuza sauti aina ya TDA2030. Imekufa kabisa, haiwaki hata taa. Fyuzi ya kioo nzima. Nikapima praimari ya transfoma, upande unaopokea umeme wa ukutani, mita kimya. Nikachana ile tepu ya manjano taratibu kwa wembe, nikaikuta fyuzi ya joto imelala juu ya waya, imeandikwa 130°C, imekatika. Dukani siku hiyo hawakuwa nayo. Nikaunga kipande cha waya mahali pake, nikafunga tepu, nikawasha. Muziki ukaita, besi ikagonga mpaka bisibisi zikacheza mezani.

Sasa sikilizeni nilichokiona nikakipuuza. Nilipokuwa nafunga skrubu, mgongo wa mkono wangu uligusa bati la kupoozea. Sauti ilikuwa sifuri. Bati lilikuwa la moto kiasi cha kuurudisha mkono. Nikajiambia ni kawaida ya besi. Sikujiuliza hata mara moja kwa nini ile fyuzi ilikatika. Mtu hakatiki pumzi bila sababu, na fyuzi ya joto ni hivyohivyo. Nikapokea elfu kumi yangu, nikamwambia, "Mama, imepona."

Siku ya kumi na mbili alirudi asubuhi na mapema, sabufa imefungwa kwenye khanga. Hakupiga kelele. Aliiweka mezani, akafungua lile fundo, na harufu ya vanishi iliyoungua ikajaa kibandani. Transfoma ilikuwa nyeusi, tepu imeyeyuka, mbao za ndani zimebabuka upande mmoja. Iliachwa inawaka usiku, sauti chini, na mjukuu wake alilala chumba hichohicho. Yule mtoto aliamka kwa kukohoa, ndiye aliyewaamsha wengine. Mama akaniangalia akasema, "Fundi, uliniambia imepona." Basi. Hakuongeza neno. Nimetukanwa na wateja wengi tangu siku hiyo, sikumbuki matusi yao. Lile neno nalikumbuka na sauti yake.

Nilinunua transfoma nyingine kwa hela yangu, na safari hii nilikaa na bodi siku nzima. Nilichokikuta ni kidogo kuliko punje ya mchele. Kwenye tokeo la IC ya besi kuna rezista ya omu 1 na kapasita ndogo ya maikrofaradi 0.22 inayokwenda graundi. Mguu mmoja wa kapasita ulikuwa umeachia risasi; ukiutazama kwa lensi unaona mduara mweusi mwembamba kuuzunguka. Mtetemo wa besi ndio uliouachanisha, miezi na miezi. Hizo mbili ndizo zinazoituliza TDA2030. Zikikosekana, IC inaweza kuanza kutetema kwa masafa ambayo sikio halisikii, inanyonya umeme hata muziki ukiwa umenyamaza, inachemka, na transfoma inachemka nayo. Umeme uliokuwa unapita haukufika kiwango cha kukata fyuzi ya kioo. Kitu pekee kilichokuwa kinaona hatari ni ile fyuzi ya joto, na mimi ndiye niliyeitoa.

Tone moja la risasi. Ndilo lililokuwa linahitajika siku ya kwanza.

Kwa hiyo sabufa yoyote ikija, gusia upya risasi za miguu ya vipuri vizito, na ya hizo mbili ndogo za tokeo, kabla ya kupima mengine. Na ukiweka fyuzi ya joto mpya, shika mguu wake kwa koleo unapochomea, la sivyo joto la chuma chako cha kuchomea litaikata kabla haijaanza kazi.

3. Zile za saplai ya swichi, zisizo na transfoma kubwa ya kupokea umeme wa ukutani. Umeme wetu wa 230 ukishapita kwenye daiodi unakaa kwenye kapasita kubwa kama volti 325, na unaweza kubaki pale hata baada ya kuchomoa waya. Toa kwa rezista ya kilo-omu 2.2 ya wati 5, hesabu mpaka kumi, kisha pima uhakikishe. Msitoe kwa bisibisi, jamani, nimeshawaambia. Upande huo, waya mweusi wa mita uweke kwenye hasi ya kapasita hiyohiyo, siyo graundi ya bodi ya ampu. Mosfeti, ile transista inayowasha na kuzima umeme huo, ikiwa imepiga shoti, angalia na rezista ndogo iliyo kwenye mguu wake wa sosi, na IC inayoiendesha. Ukibadilisha mosfeti peke yake umeitoa kafara. Na ile gundi ya manjano inayogeuka kahawia, ikwangue yote, ikizeeka inapitisha umeme na kula miguu ya vipuri.

4. Mvumo mzito usiobadilika hata ukipunguza sauti: kapasita za kuchuja, zile kubwa baada ya daiodi. Kwa transfoma ya 12-0-12 weka za volti 25, siyo 16.

5. Ukimaliza, iache iite saa mbili na mkono wako uguse transfoma kila baada ya nusu saa. Mteja akisimama mlangoni kusubiri, mpe kiti.

Sabufa ya jana nimeiweka chini ya benchi, sijaifungua. Kijana wangu, kesho uje na balbu. Fyuzi nimezificha.