Usiwaache mbwa nyumbani ukienda kutazama vipepeo (uzoefu wangu wa Amani, Muheza)

Mkuu uliyeleta uzi, umesema umehamia Muheza, una mbwa wawili wenye damu ya kuwinda, unapenda vipepeo, na unajiuliza kama uwaache mbwa nyumbani kwa sababu wanakurupusha kila kinachoruka. Umeuliza pia saa ya kutoka. Waliotangulia wamekushauri uwaache. Mimi naishi huku juu Amani, nimefuga vipepeo na bado nafuga mbwa, nami nasema nenda nao. Nitaeleza sababu, na nitaeleza pia nilipokosea ili wewe usipitie njia ile ile.

Watu wengi wakitaka kuona vipepeo huenda kwenye maua. Si vibaya, lantana ikichanua kando ya barabara utawaona wengi. Lakini ua linatoa sukari tu, na kipepeo dume anahitaji chumvi, tena anaihitaji sana kwa sababu sehemu yake humkabidhi jike wanapopandana. Chumvi haiko kwenye ua. Iko kwenye tope la kingo za kijito, kwenye mkojo wa ng'ombe, kwenye jasho la mtu, na kwenye mkojo wa mbwa. Hapo penye udongo chepechepe mbwa wako anapoinua mguu kila siku, ndipo siku ya tatu au ya nne utakapokuta vipepeo weupe na wa njano wamejipanga bega kwa bega, mabawa yamefungwa, ulimi umezama ardhini. Wakiwa wananyonya hivyo hawana haraka. Unaweza kuchuchumaa hatua mbili kutoka walipo.

Halafu kuna wale wakubwa wanaoitwa Charaxes, wenye kifua kinene, mbio kama ndege, na mabawa ya nyuma yenye vincha kama mikia miwili. Hao maua hawayataki. Wanataka tunda lililochacha, utomvu wa mti, na kinyesi, hasa cha mnyama anayekula nyama. Sisi tuliokuwa tukiwatega tulitumia ndizi mbivu zilizovundishwa siku kadhaa, na bado kuna siku zilikataliwa. Kinyesi cha mbwa anayekula dagaa na mifupa hakikataliwi. Karibu na nyumba za watu au karibu na maji nafukia, hiyo ni lazima, maana kina mayai ya minyoo. Lakini ninalo eneo langu moja kwenye ukingo wa msitu, mbali na njia, ambapo naacha kama kilivyo na kurudi kesho yake jua likiwa kali. Nimewahi kuwakuta Charaxes watatu pale, mmoja wao na tumbo la bawa lenye mistari kama kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Miaka yote ya kushika wavu sikupata kumwona kwa karibu namna ile.

Hilo la wavu nalieleza kwa sababu ndilo lililonifanya nijue thamani ya mbwa katika jambo hili. Vijiji vingi vinavyozunguka msitu wa Amani tulikuwa na mabanda ya neti nyuma ya nyumba. Unamkamata jike msituni, unamwachia bandani penye miche anayopenda kutagia, unaokota mayai, unalisha viwavi majani hadi wageuke pupa, yaani wajifunge kwenye ganda kabla ya kuwa vipepeo, kisha pupa wanakusanywa na kusafirishwa kwenda kwenye nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Ada za shule za watoto wangu zilitoka humo. Mwaka 2016 usafirishaji wa wanyama hai kwenda nje ya nchi ukasimamishwa, na pupa wakawa humo humo. Banda langu likaingia buibui, wavu nikautundika ukutani.

Mbwa walikuja baada ya hapo. Jirani alikuwa na jike mwembamba wa kiuno, miguu mirefu, wa ukoo wa mbwa waliokuwa wakifuata nguruwe mwitu mashambani, akanipa watoto wake wawili: Simba, dume, na Malkia, dada yake. Mbwa wa namna hii ukimfungia anaharibu, anachimba, analia. Ikabidi nitembee. Ndipo nikagundua kwamba kwa miaka yote ile nilikuwa natazama vipepeo wachache mno. Nilikuwa natafuta jike wa aina inayonunuliwa, na wengine wote nikiwapita kama majani. Mkono wenye wavu unakimbia. Mkono wenye kamba ya mbwa unasimama, kwa sababu mbwa amesimama kunusa, na wewe huna la kufanya ila kutazama ulipo. Akinusa dakika tatu chini ya kichaka, wewe una dakika tatu za kukitazama kile kichaka. Huwezi kuona kipepeo aliyefunga mabawa kwa kupita tu.

Basi usimvute. Hilo ndilo kosa ninaloliona kwa wanaotembeza mbwa: wanamburuta kama mbuzi wa mnadani. Mwache anuse.

Nikupe alasiri moja uione. Ilikuwa mwezi wa sita, masika imeisha, jua limerudi, na huo kwangu ndio wakati mzuri kuliko wote. Tulitoka saa nane, tukapita ukingo wa shamba la chai. Kwenye chai yenyewe usitegemee kitu, ni kijani kitupu. Lakini pale inapokutana na magugu ya barabarani, Danaus chrysippus walikuwa wakielea juu ya mimea yenye utomvu mweupe, wale wa rangi ya chungwa wenye ncha nyeusi zilizokatwa na doa jeupe. Kiwavi wake anakula ule mmea wenye sumu, sumu inabaki mwilini hadi anapokuwa kipepeo, ndiyo maana anaruka polepole bila hofu ya ndege. Mmoja kati yao alinitia shaka, nikakaza kamba, nikachungulia: alikuwa jike wa Hypolimnas misippus, asiye na sumu yoyote, aliyevaa mavazi ya mwenzake ili ndege wamwogope. Mume wake hafanani naye hata kidogo, ni mweusi mwenye madoa meupe yaliyozungukwa na zambarau inayometa. Kumtofautisha jike na yule anayemwiga kunataka utulivu. Angalia bawa la nyuma: Danaus ana vidoa vyeusi katikati, vitatu au vinne, huyu mwigaji kwa kawaida ana kimoja kwenye ukingo wa mbele.

Tukateremka hadi kwenye kijito. Maji ya huku yanaishia mto Sigi, na ndiyo yanayofika Tanga mjini kupitia bwawa la Mabayani, kwa hiyo mbwa wangu siwaachi wajisaidie ndani yake. Kwenye mchanga wa kando walikuwapo vipepeo sijui wangapi, weupe, wa njano, na wadogo wa buluu wa ukubwa wa kucha. Simba alitaka kuwarukia. Nikamwambia "kaa", nikashika kamba kwa mikono miwili, akatetemeka kidogo kisha akalala. Waliruka wote mara moja kama karatasi zilizopeperushwa, wakazunguka, na kabla sijahesabu hamsini wakarudi mmoja mmoja. Kumbuka hilo, mkuu: wakikurupuka hawajaenda. Chumvi iko pale pale. Mmoja wa buluu akatua kwenye kamba, pale palipolowa jasho la kiganja changu, akaanza kunyonya. Simba alimtazama kwa jicho moja muda wote huo, wala hakuinua kichwa.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka wa kwanza nilikuwa nawafungulia wakimbie wapendavyo. Siku moja walimfukuza kima, wakaingia naye kwenye shamba la iliki la mwanamke mmoja wa kijiji chetu na kuvunja mashina mengi. Nililipa, na nilistahili kulipa. Lililoniuma zaidi lilitokea wiki hiyo hiyo. Mzee mmoja alikuwa anashuka kwenda msikitini, ameshatawadha, kanzu nyeupe, na Malkia akamkimbilia kwa furaha na kumpaka pua yake yenye mate kwenye kanzu na mkononi. Nilikimbia, nikasema, "Shikamoo mzee, nisamehe sana." Akaitikia "Marahaba," hakunifokea. Akaniambia tu, "Mwanangu, mimi mbwa simchukii, lakini sasa nirudi nyumbani, nioshe mara saba na mojawapo kwa udongo, nibadilishe nguo, na swala ya jamaa itakuwa imeshanipita." Nilimsindikiza hadi kwake nikiwa nimeshika vichwa vya mbwa wote wawili. Wewe unatoka mjini, huenda hukuzoea hili. Huku majirani zetu wengi ni Waislamu, na mbwa kumgusa mtu anayekwenda kuswali si jambo dogo. Tangu siku ile mbwa wangu hawatoki uani bila kamba, na wakimwona mtu njiani nawaketisha upande wa chini, yeye apite upande wa juu.

Na saa yangu ya kutoka ilitokana na siku ile. Natoka saa nane kamili. Adhana ya alasiri, kati ya saa tisa na nusu na saa kumi, inanikuta kijitoni, mbali na njia ya msikiti, na tunarudi watu wakiwa wameshatawanyika. Kwa vipepeo nayo ni saa nzuri: damu yao haina joto lake yenyewe, wanahitaji jua kwenye mabawa ndipo waruke. Asubuhi huku kuna ukungu, wamekaa wamefungua mabawa wanaota jua. Mchana wa saa sita wanaruka kwa kasi hata huwaoni vizuri, na mbwa anateseka kwa joto. Ikifika saa kumi na moja wanaanza kutafuta jani la kulalia. Wingu zito likifunika, rudi nyumbani, hakuna utakachoona.

Usipande na mbwa kwenye hifadhi. Msitu ule una wanyama wake, na mbwa wenye damu ya uwindaji hawana kazi humo. Kingo zake zinatosha. Hata Papilio dardanus utamkuta kingoni: dume wa rangi ya maziwa ya njano, mkia mrefu, anapita na kurudi njia ile ile kama mlinzi. Jike wake hana mkia na kila mmoja ana mavazi yake, anaiga vipepeo wenye sumu wa aina mbalimbali. Nilipokuwa nafuga, mayai ya mama mmoja yalinitolea mabinti wa sura tofauti kabisa ndani ya banda moja, na mgeni aliyekuja kuona hakuamini kuwa ni ndugu.

Mambo ya hatari nayapitia haraka. Chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, usibahatishe. Na mtu akiumwa na mbwa asiyejulikana, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni robo saa nzima, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Siafu wakivuka njia zunguka mbali, wakishamwingia mbwa kati ya vidole atalia usiku kucha. Kiangazi jihadhari na upupu uliokauka. Nyasi ndefu zenye joto zina kifutu, ndiyo sababu nyingine ya kamba fupi. Kupe nawatoa jioni kwa kibano, nikianza na masikio na kati ya vidole, kisha daktari wa mifugo ananipa dawa ya kuwaogeshea. Vipepeo wenye majimaji machungu hawamdhuru mbwa kwa kiasi cha kukutisha. Simba aliwahi kumdaka mmoja wa jamii ya Acraea, wale wanaotoka majimaji ya njano ukiwashika, akamtema hapo hapo na kufuta mdomo kwenye majani. Hajarudia tena.

Umesema mbwa wako mmoja ni mzee na hafiki mbali. Malkia naye sasa amechoka, nyonga zinamsumbua, kijitoni hafiki. Simba nikirudi naye, namchukua Malkia peke yake tunaenda hadi kwenye mlimau nyuma ya nyumba, hatua arobaini hivi, na tunakaa huko nusu saa. Papilio demodocus wanatagia mlimau ule. Viwavi wake wakiwa wadogo wanafanana kabisa na kinyesi cha ndege kwenye jani, wakikua wanakuwa kijani. Malkia huwatafuta kwa pua. Akimkaribia mmoja mno, kiwavi anatoa nyuma ya kichwa vipembe viwili vya rangi ya chungwa vyenye harufu kali, na Malkia anapiga chafya, anarudi nyuma hatua moja, kisha anasogea tena. Zamani ningewang'oa wale viwavi kwa sababu wanakula majani ya mti wangu, au ningewahesabu kama pesa. Sasa tawi la chini nimewaachia wao.

Leo kuna pupa wawili kwenye tawi hilo, mmoja ameshaanza kuonyesha rangi ya mabawa kupitia ganda. Kesho asubuhi nitamtoa Malkia mapema kidogo, kabla ukungu haujaondoka.